Mkeka wa Pascal

Sogeeni karibu, wajukuu, na mwenye simu aizime sauti. Leo nawasimulia habari za mtoto aliyefichwa hesabu.

Alizaliwa Ufaransa mwaka 1623, akaitwa Blaise Pascal. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka mitatu, akalelewa na baba pamoja na dada zake wawili. Baba aliwafundisha mwenyewe nyumbani, na aliamua mtoto kwanza ashibe lugha, hesabu zije baadaye. Vitabu vyote vya hesabu akaviweka mbali. Dada mkubwa ndiye aliyetuachia habari ya kilichofuata: baba aliingia chumbani akamkuta mwanawe wa miaka 12 yuko sakafuni na kipande cha mkaa, anachora maduara na pembetatu, anayapa majina ya kubuni, na anayatafutia kanuni peke yake. Mzee akanyoosha mikono. Kufika miaka 19, kijana akaanza kuunda mashine ya magurudumu ya kujumlisha na kutoa, ili kumpunguzia kazi baba yake, ambaye alikuwa ofisa wa kodi.

Nawaletea mtu huyu kwa sababu ndiye aliyepiga hesabu ya maneno mnayoyasikia kila msimu wa mikutano. Viwanja vya Ruanda Nzovwe pale Mbeya, au Mwembetogwa pale Iringa, spika zinafungwa na mhubiri anauliza: ukiamini halafu Mungu akawa hayupo, umepungukiwa nini? Na usipoamini halafu akawepo, utakimbilia wapi? Swali hilo linawafuata hadi kitandani. Mmoja wenu ameniuliza waziwazi: kwa hiyo, babu, kuamini ni dau salama? Msimcheke. Swali lake limewatoa jasho wenye akili kwa karne nyingi.

Tuanze na dau lenyewe. Mwaka 1654, muungwana mmoja mpenda kamari alimpelekea Pascal fumbo. Watu wawili wanacheza, fedha ziko mezani, mchezo unakatika kabla mshindi hajapatikana. Fedha zigawanywe vipi kwa haki? Pascal akaandikiana barua na mwanahesabu mwenzake, Pierre de Fermat, na katika barua hizo hesabu ya uwezekano ikapata misingi yake.

Kaka zenu wa Mwanjelwa, Mbeya, na wa Kihesa, Iringa, wanaotembea na mikeka ya kubeti mfukoni kila Jumamosi, wanaishi ndani ya hesabu hiyo bila kuijua. Kampuni za kubeti zinaijua sana. Sheria inamkataza aliye chini ya miaka 18 kubeti, nami siwafundishi kubeti; nataka muone nani anakula. Chukua dau la shilingi 1,000. Timu yako ina nafasi moja ya kushinda katika kumi, na ikishinda unalipwa 8,000. Ukirudia mara kumi umetoa 10,000, na kwa wastani utarudishiwa 8,000. Elfu mbili zimebaki kwa mwenye duka. Ili dau liwe zuri, chukua zawadi, izidishe kwa nafasi yako ya kuipata, kisha uone kama jibu linazidi ulichotoa. Likiwa pungufu, mkeka umechanika kabla mpira haujaanza.

Mwaka huohuo wa barua, usiku wa tarehe 23 Novemba, Pascal alipatwa na jambo lililombadilisha. Kwa muda wa saa mbili hivi alijiona yuko mbele za Mungu. Aliyaandika aliyoyaona, akaishonea karatasi ndani ya vazi lake, akatembea nayo bila kumwambia mtu. Alipofariki mwaka 1662, mtumishi ndiye aliyeigundua alipoligusa pindo na kuhisi kitu kigumu.

Aliacha pia mafungu ya karatasi zenye mawazo ambayo hayajapangwa, na mwaka 1670 yakachapishwa kuwa kitabu. Humo ndimo mna mkeka wake maarufu. Anasema hivi, kwa maneno yangu: akili peke yake haiwezi kukuthibitishia kwamba Mungu yupo au hayupo, lakini huwezi kukaa pembeni, maana kuishi bila kuchagua nako ni kuchagua. Basi piga hesabu. Dau lako ni maisha haya mafupi. Zawadi ni furaha isiyo na mwisho. Hata kama nafasi ya Mungu kuwepo ni moja katika milioni, ukizidisha moja ya milioni kwa kitu kisicho na mwisho, jibu linabaki halina mwisho. Hakuna mkeka duniani unaoushinda huo.

Wanazuoni wa Kiislamu walikuwa wameshaipita njia hiyo. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, zaidi ya miaka 500 kabla ya Pascal kuzaliwa, alimjibu mwenye shaka kwa hoja iliyonasibishwa na Ali bin Abi Talib, mkwe wa Mtume. Maana yake ni kwamba ikiwa mkanushaji ndiye mwenye haki, wote wawili watakuwa salama; lakini ikiwa muumini ndiye mwenye haki, yeye atasalimika na mwenzake ataangamia. Kwa hiyo mkiisikia hoja hii kanisani au msikitini, jueni ni mzee mmoja aliyevaa nguo mbili.

Juu ya karatasi hesabu hii ni safi. Sasa tuilete Rungwe, nchi ya Wanyakyusa, tuone kama itatembea.

Mwaka 1891 wamisionari wa aina mbili kutoka Ujerumani walipanda kutoka Ziwa Nyasa karibu kwa wakati mmoja: Walutheri wa Berlin wakiongozwa na Alexander Merensky, na Wamoraviani wakiongozwa na Theodor Meyer. Wakagawana nchi ili wasigombanie watu. Hawakuwakuta Wanyakyusa hawana dini. Jina la Kyala, ambalo wamisionari walilichukua kumwita Mungu wa Biblia, walilikuta hapahapa. Wafu, abasyuka, walikaa chini ya ardhi, na walikuwa na kauli juu ya mvua, mifugo na uzazi wa watu waliobaki juu. Fundisho la moto wa milele ndilo lililokuwa jipya.

Lakini msidhani kwamba watu hawakuwa na cha kuogopa. Kati ya 1934 na 1938 waliishi huko mtu na mkewe, Godfrey na Monica Wilson, watafiti wa mila za watu. Monica alikuja kuandika vitabu juu ya matambiko ya Wanyakyusa, na jambo moja analirudia sana: aliyefiwa asipofanyiwa tambiko la msiba ipasavyo, ilihofiwa angepata kichaa.

Sasa nimtunge mzee mmoja wa Rungwe, tusimpe jina. Ana wake watatu, migomba ya kutosha na ng'ombe. Baba yake amefariki. Ndugu wanamwambia: fanya tambiko, la sivyo utapagawa, utatembea uchi barabarani. Mmisionari anamwambia: tambiko ni giza, liache, la sivyo kuna moto usiozimika. Pascal alidhani mchezaji anakabiliwa na tishio moja. Mzee wetu ana mawili, na kila atakapokwepa moja anaangukia jingine.

Najua mwanahesabu wenu atainua mkono: babu, kichaa kina mwisho, kinaisha mtu akifa, moto wa mmisionari hauna mwisho, kwa hiyo aende kwa mmisionari. Umejibu vizuri. Yupi? Mmoraviani na Mlutheri walikuwa ndugu, sawa. Lakini Wakatoliki nao walikuwa wamefungua misheni Tosamaganga, karibu na Iringa, kabla ya karne ya 19 kuisha, na enzi hizo Mkatoliki na Mprotestanti kila mmoja alimwona mwenzake yuko kwenye njia ya kupotea. Waislamu walikuwa wakija na misafara ya biashara, nao wana moto wao. Baadaye wakaja watu wa Watch Tower, walioitwa Kitawala, wakihubiri kwamba mwisho wa dunia umekaribia. Miaka ya 1930 likaingia kutoka Nyasaland kanisa la Waafrika wenyewe, African National Church, lililompokea hata mwenye wake wengi. Karibu kila mmoja alikuja na umilele wake. Ukiweka kisicho na mwisho huku, na kisicho na mwisho kule, mizani haisogei, na hesabu ya Pascal inanyamaza. Mfaransa mwingine, Denis Diderot, aliliona hilo katika karne ya 18, aliposema kwamba imamu naye angeweza kutumia hoja hiyohiyo kumvuta mtu kwake.

Wapo walioamua kushika yote: ubatizo Jumapili, tambiko usiku. Wazee walishasema mshika mawili moja humponyoka, na kila upande ulikuwa tayari kukuhukumu kwa ajili ya ule mwingine.

Hilo ni tatizo la kwanza. La pili ndilo lililonifanya niwaite leo, nalo halihusu zawadi, linahusu dau. Masharti ya misheni yalikuwa wazi: mwenye wake wengi abaki na mmoja ndipo abatizwe. Mhubiri akimwuliza mzee wetu "utapoteza nini?", anaweza kujibu kwamba hapotezi kikubwa. Lakini mwulizeni mke wa pili. Mwulizeni wa tatu, anayefunga mzigo arudi kwa kaka zake wakati watoto wanabaki kwa baba, na ng'ombe wa mahari wanazua kesi kati ya koo mbili. Mume ndiye aliyeweka dau, na wanawake wawili ndio waliolilipa. Pascal hakuwahesabu, maana kwenye karatasi yake mchezaji yuko peke yake.

Tangu nilipoliona hilo Rungwe, naliona kila mahali. Tazameni Njombe, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa ndani ya Mkoa wa Iringa. Mwaka 1905, wakati wa Vita vya Majimaji, dawa ya maji ilifika kwa Wabena, na mwezi Septemba wapiganaji wakaishambulia misheni ya Yakobi. Sisemi walipigana kwa ajili ya dawa tu. Kodi na kazi za shuruti za Mjerumani ziliwafikisha pabaya. Ila kuhusu dawa yenyewe, kijana angeweza kujiambia: ikifanya kazi nimepona risasi, isipofanya nimelowa tu. Aliyeamini hivyo alisimama mbele ya bunduki bila kujikinga. Baada ya hapo Wajerumani walichoma mashamba na maghala, njaa ikaingia, na wapo wanahistoria wanaokadiria kwamba kusini yote walikufa watu hadi 300,000. Wengi wao hawakushika mkuki. Walikuwa wanawake, wazee na watoto kama nyinyi.

Au tazameni jambo ambalo wazazi wenu waliliona kwa macho yao. Mwaka 2011, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alivuma kwa kutangaza katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kwamba Mungu amemwonyesha dawa ya mti wa mugariga inayoponya UKIMWI, kisukari, saratani na mengine. Kikombe kimoja kilikuwa shilingi 500. Watu wakafurika. Magari yalipanga foleni ya kilomita na kilomita, na kutoka huku kwetu Mbeya watu walichanga nauli, wakasafiri zaidi ya kilomita 1,000. Waliojiona wana akili walisema yaleyale ya Pascal bila kumjua: ni mia tano tu, kisipokusaidia hakikudhuru. Mara wakatokea na wengine wenye vikombe vyao sehemu mbalimbali, Mbeya ikiwamo.

Mia tano haikuwa dau, wajukuu. Dau lilikuwa kitanda cha hospitali alichokiacha mgonjwa. Lilikuwa vidonge vya ARV ambavyo wengine waliacha kumeza kwa kuamini wamepona. Lilikuwa siku za foleni porini kwa mtu asiyeweza kukaa, na wapo waliofia humohumo njiani. Na si Loliondo tu. Mwaka wa 2023, Shakahola nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu wanaodaiwa kuambiwa wafunge kula ili wakutane na Yesu, na kati yao walikuwamo watoto wengi. Watoto hawakubeti. Walibetiwa.

Sasa fikirini mtu anamfuata mmoja wenu stendi ya Igumbilo, Iringa, anasema: nipe simu yako, usiponipa utaungua milele. Mtacheka, ila hesabu ya Pascal haicheki. Nafasi ya kwamba anasema kweli ni ndogo mno, lakini tishio halina mwisho, na simu yako ina bei. Zidisha, utaona jibu linakuamuru umpe simu. Akija wa pili utampa viatu. Kanuni inayokulazimisha kumtii kila atishaye umilele haikulindi na lolote; imekufungulia mlango kwa kila tapeli. Inabidi kwanza uulize kama anachosema ni kweli. Na ukishauliza hivyo umetoka kwenye kubeti, umeingia kwenye kutafuta.

Kuna jambo jingine ambalo wenye dini wenyewe ndio wanaolisema kwa nguvu zaidi. Tuseme mtu amekata shauri kuamini kwa usalama, kama anavyolipia bima ya bodaboda. Je, Mungu anahadaika? Katika Biblia, kitabu cha Ayubu kinaanza na Shetani akidai kwamba Ayubu anamcha Mungu kwa sababu analipwa, na hadithi yote inayofuata ni kujaribu kama hilo ni kweli. Waraka wa Yakobo unasema hata mashetani wanaamini na wanatetemeka, na hawapati kitu kwa kutetemeka huko. Kurani inawaweka wanafiki chini kabisa motoni. Na inasimuliwa kwamba Rabia, bibi mchamungu wa Basra katika karne ya nane, alionekana akikimbia na moto mkono mmoja na maji mkono mwingine. Alipoulizwa akasema anakwenda kuichoma pepo na kuizima jehanamu, ili watu wamwabudu Mungu kwa ajili yake mwenyewe. Rabia angekutana na mwenye mkeka, sijui kama wangesalimiana.

Pascal alilijua hilo. Alijua imani haiji kwa kuamriwa, ndiyo maana alimshauri mwenye shaka aanze kuishi kama waumini wanavyoishi, ahudhurie ibada, na moyo utafuata polepole. Tena aliwaandikia watu wa aina fulani, mabwana waliokesha kwenye kamari na hawakujali kabisa kama kuna Mungu. Alitaka kuwaamsha kwa lugha yao. Wanaomtumia leo kumtisha mtoto wa miaka kumi wameichukua silaha yake, wakaacha shabaha yake.

Na yeye mwenyewe aliishije? Hapa ndipo ninapompenda. Mwaka 1662 alianzisha na wenzake magari ya farasi yaliyopita njia maalumu jijini Paris, kwa nauli ndogo iliyojulikana. Ndizo daladala za kwanza za jiji lile. Njaa ilikuwa imewapiga maskini wa mji wa Blois, akahangaika fungu lake la mapato litangulizwe liwafikie. Nyumbani kwake alikuwa ameikaribisha familia maskini. Mtoto wao akaugua ndui. Watu wakategemea mtoto ahamishwe, kwa sababu Pascal mwenyewe alikuwa mgonjwa na ilihofiwa kwamba ndui ingewafikia waliokuja kumhudumia. Akasema mtoto akihamishwa atadhurika zaidi. Akahama yeye, akaiacha nyumba yake, akaenda kwa dada yake, na kabla ya miezi miwili kuisha akafia huko akiwa na miaka 39.

Linganisheni na mzee wetu wa Rungwe. Wote wawili walikuwa na imani, au walikuwa wanaitafuta. Mmoja dau lake lilitoka mfukoni mwa wake zake. Mwingine alilitoa mfukoni mwake, na hakumpeleka mtoto wa watu nje ili yeye abaki kwenye joto.

Kwa hiyo aliyeniuliza nimjibu. Kuamini kwa sababu ya hofu si dau salama. Vitisho ni vingi, vinapingana, na hesabu haiwezi kukuchagulia kimoja. Kama Mungu yupo, haielekei kwamba anahesabu waoga. Na hayo nimeyatoa kwenye vitabu vya waumini, sikuyatunga. Hilo halina maana kwamba hayupo. Nyanyua macho uamini, ukiona ni kweli. Kaa na shaka yako kwa adabu, ukiona bado hujajua. Ukiogopa usiku, mwambie mzazi au mtu mzima unayemwamini, maana kuogopa kitu hakuthibitishi kwamba kipo.

Na akija mtu na kikombe, au mafuta, au fomu ya kujiunga, akakuuliza "utapoteza nini?", usikimbilie kujibu. Mwulize yeye maswali mawili: umejuaje kwamba ni kweli, na nani atalipa ikiwa si kweli? Kama anayelipa ni mama yako, mdogo wako au mgonjwa wa jirani, mwambie dau hilo si lako kuliweka.